Miramura ya Reli Isiyokuja

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, godoro na hotuba tatu. Hotuba zilipokwisha, kijana mmoja wa masijala alinivuta pembeni akaniuliza kwa nini ndani ya faili la mgogoro mmoja wa Igurwa kuna maelezo ya kurasa tatu kwa mwandiko wangu, yanayohusu reli. Alidhani karatasi zimeingia humo kwa makosa, maana Karagwe haina reli wala haijawahi kuwa nayo. Nilimwambia hazikukosewa, na kwamba nitamjibu kwa maandishi ili wengine nao wasome. Jibu lenyewe ni refu kidogo. Nimechoka, na mtu aliyechoka hajui kufupisha.

Nimepima ardhi Karagwe tangu nikiwa kijana, na Kyerwa ilipofanywa wilaya peke yake nikaendelea kuvuka huku na huku kama zamani, kwa kuwa vilima havikupewa taarifa ya mgawanyo. Vyeo na mishahara sitavisema. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na kila kimoja kilikuja na kiti kibovu kuliko cha kwanza. Nitasema vifaa, watu wawili watatu, na kosa moja.

Nilizaliwa Isingiro, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, kwenye kibanja cha migomba na kahawa kama vibanja vyote. Siku yangu ya kwanza kazini Kayanga nilivaa viatu vya kanisani. Mzee Shabani, aliyekuwa mpimaji mkuu wetu, aliviangalia hivyo viatu, akanibebesha mnyororo wa kupimia na fito za rangi nyekundu na nyeupe, tukashuka bonde moja la matope hadi kiunoni. Jioni viatu vyote viwili vilikuwa vimefungua midomo. Ndipo akasema, "Kesho uje na vya kazi. Mungu hajali, lakini tope linajali."

Mzee Shabani alikuwa mtu wa Tabora, mama yake wa Bagamoyo. Ujana wake aliutumia kwenye genge la wapimaji wa reli, akafika Karagwe kwa shughuli zake nyingine, akaoa Mnyambo, mwenyeji wa hapa, akakwama. Alikuwa anaswali kwa wakati, anapima kwa wakati, na anakasirika kwa wakati. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mnyororo ukilegea kidogo tu mtu anapoteza migomba mitatu, na kwamba kabla hujafungua kifaa chochote, utafute kwanza bibi kizee wa jirani asiye na maslahi, umuulize mpaka uko wapi. Hilo la bibi kizee bado linafanya kazi. Hizo GPS zenu chini ya majani ya migomba hudanganya kwa mita kadhaa, tena bila kuona haya.

Wakati wa chakula cha mchana, tukiwa tumekaa juu ya mteremko fulani na katogo yetu ya ndizi na maharage, Mzee Shabani alikuwa na tabia moja. Aliangalia bonde kwa muda, kisha akaonyesha kwa kijiko. "Ingepita pale. Ingezunguka ule mgongo, ikashuka taratibu, ikavuka mto kwenye mawe." Alikuwa anasema reli. Aliniambia gari hupanda mlima kwa nguvu, lakini treni huuomba mlima ruhusa. Mita moja juu kwa kila mita hamsini mbele, zaidi ya hapo unatafuta balaa. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani mzee anapitisha muda. Mwaka wa pili nilikuwa nami naonyesha kwa kijiko.

Baadaye nilipelekwa kozi Tabora. Siku hizo ulichukua basi hadi Bukoba, meli hadi Mwanza, halafu treni. Nilipanda daraja la tatu. Mbele yangu alikaa mama mmoja na mtoto mgonjwa, na kitu kilichonigusa hakikuwa injini wala mluzi. Ni kwamba yule mama alimlaza mtoto kwenye benchi, akamnyoosha kabisa, akamfunika, na mtoto akalala safari nzima. Mimi natoka mahali ambapo mgonjwa husafirishwa amekunjwa katikati ya magunia, kila shimo la barabara analipokea kwa mbavu. Nilimtazama yule mtoto hadi Tabora. Tangu siku hiyo sikupona.

Wanaopenda reli wako wa aina nyingi. Wengine hupenda chuma, wengine hupenda saa na ratiba. Mimi nilipenda abiria. Hata hivyo chuma nacho kiliniingia. Niliporudi Kayanga nilianza kutengeneza treni ndogo. Mabehewa niliyachonga kwa mti wa musizi, reli zikawa njiti za miavuli mibovu, injini ikaendeshwa na mota ya redio kaseti iliyokuwa imekufa upande wa sauti. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu pekee Kayanga aliyefurahi mwavuli wa jirani ulipovunjika. Meza ya treni ilichukua nusu ya sebule. Mke wangu, Asteria, aliwakaribisha wageni kwa kuwaambia, "Karibuni, mpite upande wa stesheni." Alisema hivyo bila kucheka.

Kisha tukaunda kamati. Nasema kamati, lakini tulikuwa wanne, na mmoja alikuwa anakuja kwa ajili ya chai. Tulikutana nyuma ya duka la Bi Zuhura, muuza vitambaa pale sokoni, ambaye babu yake alitoka Pangani na biashara zake hazijakauka tangu hapo. Tulijiita Kamati ya Reli ya Abiria, na tuliandika barua kwenda ofisi za juu. Hoja yetu ilikuwa moja: wakubwa wakizungumza reli huzungumza mizigo, kahawa na madini, na mtu anawekwa mwisho kama kiambatisho. Bi Zuhura alisema vizuri kuliko barua zote. "Mimi nimekwisha kuwa mtu mzima. Nataka nisafiri nimenyoosha miguu, basi. Hilo ni dhambi?" Majibu yalikuja mawili matatu, yote yakisema barua yetu imepokelewa na inafanyiwa kazi. Nadhani bado inafanyiwa.

Sasa nifike kwenye kosa.

Nilijiambia kwamba barua bila ramani ni kelele. Nikaanza kuitafuta njia mwenyewe, Jumapili baada ya ibada, kwa theodolaiti kuukuu iliyokuwa imefutwa kwenye orodha ya vifaa. Njia ya kutoka ziwani, ipite Karagwe, ifike Isingiro. Mwingine angeuliza kwa nini Isingiro. Kwa sababu ndiko kwetu. Kazi ngumu ilikuwa Igurwa, kwenye mteremko mmoja wenye vibanja vilivyobanana, ambako ilinibidi nipinde polepole kuufuata mlima nisivuke kile kipimo cha Mzee Shabani. Nilitaka kuacha alama niweze kurudi na kuhakikisha. Vigingi vya mbao huliwa na mchwa, na visipoliwa hupikiwa maharage. Bikoni za zege ni mali ya serikali, na mali ya serikali sikuchezea.

Nikatumia miramura.

Kwa mgeni atakayesoma hapa: mramura ni ule mmea mrefu wenye majani kama panga, ambao ukikata fimbo yake ukachomeka ardhini, unaota, na ukishaota haufi. Ndiyo maana nchi hii nzima huutumia kuweka mipaka ya vibanja. Baba akigawa, anachomeka mramura mbele ya mashahidi, na hapo maneno yamekwisha. Watu watabishana juu ya hati, juu ya bikoni, juu ya ramani yenye mihuri sita, lakini sijaona mtu anayebishana na mramura. Mtoto wa miaka saba analijua hilo. Mimi nilikuwa nimeliandika kwenye ripoti mia. Lakini Jumapili zile sikuwa naona mipaka, nilikuwa naona reli, na akili ya mtu mwenye mapenzi hulala na macho wazi.

Mwenye kibanja kilichokuwa katikati kabisa ya ule mteremko aliitwa Mzee Faustine, Mkatoliki, mtu mpole mwenye mgongo mbovu. Nilimkuta anapogoa migomba. Nilimsalimia, nikamweleza kwamba nataka kupitisha alama kwenye shamba lake.

"Bwana Ardhi, hiyo ni kazi ya serikali?"

Nikajibu, "Ni ya maandalizi."

Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Si uongo kamili, na ndiyo maana ni baya zaidi. Uongo kamili una aibu yake, mtu hujihadhari nao.

Akauliza tena, "Reli yenyewe ya mizigo au ya abiria?"

"Ya abiria, mzee."

"Kama ni ya abiria, pita."

Kwa kisu kilekile cha kupogolea akakata fimbo za miramura yeye mwenyewe, tukazichomeka pamoja moja moja kila baada ya mita ishirini, kukikata kibanja chake katikati. Nilimpa mkono wa kuaga, nikaenda kwa jirani yake, na jirani wa jirani, hadi nilipofika chemchemi. Watu walikubali. Mtu wa ardhi akija na kifaa cha miguu mitatu, nani atakataa?

Mzee Shabani alikuwa amekwisha kustaafu. Nilikwenda nyumbani kwake kumsimulia, nikitegemea sifa. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Umewaambia wenye mashamba kwamba unacheza?"

"Sichezi, Mzee."

"Umetumwa na nani?"

Nikaanza kuikunja ramani yangu.

"Basi unacheza. Mwanangu, kipimo ni kiapo. Rudi uwaambie."

Nilimwahidi nitarudi. Msimu wa kahawa ukaingia, nikapelekwa Kyerwa kwa kazi ya miezi, halafu mvua, halafu Mzee Shabani akafariki, na ahadi yangu ikabaki haina wa kuidai. Kamati nayo ilichakaa. Yule wa chai alihama, mwingine alizeeka, tukabaki mimi na Bi Zuhura kuulizana habari za reli kwa mazoea, jinsi watu wanavyoulizana habari za mvua. Tulisikia inajengwa kwingine, mbali na sisi. Nilifurahi kwa ajili ya hao wengine, au nilijaribu.

Miaka ikapita kama kumi na tano hivi. Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu faili la Igurwa lilipowekwa mezani kwangu. Mzee Faustine amefariki. Mjane wake, Domitila, ana mgogoro wa mpaka na shemeji yake, Evodius. Tuende tukapime hali ilivyo kabla baraza la usuluhishi la kata halijakaa. Nilisoma majina, nikayasoma tena.

Tulifika asubuhi, mimi na wenzangu wawili wa ofisini. Miramura ilikuwa imekua kupita kichwa cha mtu, minene, imesimama kwa adabu. Upande wa chini yake, kwenye mteremko, ndiko kulikokuwa na kahawa karibu yote ya Domitila, sehemu nzuri ya migomba, na kaburi la Mzee Faustine lenye msalaba wa saruji. Evodius alikuwa anasema kila kitu chini ya miramura ni chake.

Tafadhali msimwone Evodius mtu mbaya. Baba yao alikuwa amewagawia kwa mdomo, mashahidi wamekufa, na yeye mwenyewe alikwenda kutafuta maisha upande wa Geita kabla sijafika na theodolaiti yangu. Akarudi kumzika kaka yake, akakuta mstari wa miramura iliyokomaa. Angefanya nini? Aliona alichofundishwa kuona.

"Bwana Ardhi, wewe huhitaji kuambiwa," alisema. "Mpaka ule pale, unajisemea wenyewe."

Domitila alikuwa amekaa mlangoni pa jiko. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Aliitikia, akanitazama, akainuka.

"Si ni wewe? Si ni wewe ulipanda hii na marehemu? Mimi nawaambia hawa kuwa marehemu alipanda na mtu wa ardhi kwa ajili ya reli, wananicheka. Waitu, bwana wetu, waambie."

Evodius akagonganisha viganja mara moja. "Si mnasikia? Mtu wa ardhi ndiye aliyepanda! Mpaka gani mwingine unautaka, shemeji?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na miezi michache. Nilikuwa na jina zuri. Nilikuwa nimepima nusu ya vibanja vya wilaya hii na watu wakalala usingizi kwa kipimo changu.

Nikasema, "Mama, leo nimetumwa kupima tu."

Domitila alinigeuzia mgongo. Alirudi kukaa palepale mlangoni. Nilipima, na kwenye daftari nikaandika: mpaka wa miramura, iliyokomaa. Kila neno lilikuwa la kweli. Vijana, mkiona ripoti ambayo kila neno lake ni kweli na aliyeiandika hawezi kula, jueni kuna kitu.

Baraza lilikuwa liketi baada ya wiki tatu. Wiki ya pili niliingia dukani kwa Bi Zuhura. Alikuwa anapima kitenge kwa rula ya mbao, akanitazama juu ya miwani.

"Kaka, uso huo umeuokota wapi?"

Nikamweleza yote, tangu Jumapili ya kwanza. Nilipofika kwenye habari ya kaburi, rula ikasimama.

"Kwa hiyo mjane wa watu anafukuzwa shambani na treni yetu?"

"Ndiyo."

"Haijaja, imeshamkanyaga mtu." Akaketi juu ya marobota. "Nenda ukaseme."

"Watasema mimi mwehu, Bi Zuhura."

"Mwehu hafungwi. Kwani wewe utakufa na aibu? Aibu ni ya siku mbili. Mimi nilitia sahihi zile barua, nami nitasema kwamba nilitia. Ila miti uliipanda wewe."

Nilikwenda. Baraza lilikaa kwenye banda la ofisi ya kata, na lilijaa, maana habari ya mpaka huvuta watu kuliko harusi. Niliomba kusema kabla ripoti yangu haijasomwa. Nilisema: miramura ile niliipanda mimi, si kwa niaba ya ofisi, si kwa agizo la mtu yeyote, na wala haikuwa mpaka. Ilikuwa alama ya reli.

Mwenyekiti aliinamisha sikio. "Reli ipi?"

"Ya abiria, mwenyekiti."

"Inatoka wapi?"

"Ziwani."

"Inakwenda wapi?"

"Isingiro."

"Kwa nani huko Isingiro?"

"Kwetu."

Banda likaanguka kwa kicheko. Hata Evodius alicheka. Domitila peke yake hakucheka. Alikuwa amekaza macho kwangu kama mtu anayemtazama fundi akimalizia kazi aliyoichelewesha. Nilingoja watulie, nikatandaza ramani yangu ya zamani na daftari la vipimo, nikawaomba kitu kimoja: twende tuutembee mstari wote, tusiishie kwenye uzio wa Domitila.

Tukaenda. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, na mimi nilitaka waone jinsi yangu ilivyokuwa ndefu. Mstari ulitoka kwa Domitila ukaingia kwa jirani yake, ukapita nyuma ya choo cha mtu, ukavuka barabara, ukakata shamba ambalo halijawahi kuwa na mgogoro na mtu yeyote, ukaenda hadi chemchemi. Wenye mashamba hayo mengine walitoka kutazama. Mmoja alisema alidhani ni mambo ya mipango miji. Mwingine alisema hakuwahi kudhani chochote, alikuwa anafungia mbuzi.

Kwenye baraza alikuwemo Bibi Koku, mjumbe, mwanamke mzee aliyekuwa anatembea kwa fimbo na kusimama kila mche. Alipima kwa hatua kutoka mche hadi mche, midomo ikihesabu. Alirudia mara tatu. Kisha akageuka akautazama mstari ulivyokunjamana na mlima nyuma yetu.

"Mimi nimeona vibanja vikigawanywa tangu sijaolewa," alisema. "Baba hugawa kwa kona. Anachomeka hapa, anachomeka pale, biashara imekwisha. Hakuna baba anayechomeka kila hatua thelathini na tano. Na hakuna baba anayegawa kwa kupinda polepole namna hii. Huyu mtu kweli alikuwa na treni."

Nitasema jambo ambalo maelezo ya faili hayana. Nilifurahi. Nilikuwa nimesimama mbele ya mjane niliyemdhulumu, na nilifurahi, kwa kuwa katika miaka yote hiyo ndiyo mara ya kwanza watu walitembea njia yangu kutoka mwanzo hadi mwisho na mmoja wao akaielewa. Kisha nikaona aibu ya kufurahi. Vyote viwili vilikuwa vya kweli kwa pamoja.

Wazee walishuka chini hadi kwenye mfereji ulio mwisho wa kahawa kutafuta kona, wakachimbua, wakakuta visiki vya miramura ya zamani sana, imeoza katikati na kuchipua pembeni, ya baba yao Faustine na Evodius. Huo ndio ulikuwa mpaka. Kahawa, migomba na kaburi vyote vilibaki kwa Domitila. Evodius alimshika mkono mbele ya watu. "Shemeji, nilikosa kwa macho. Sikukosa kwa moyo." Domitila alimkubalia. Halafu Evodius akanigeukia, na hapo hakuwa anacheka.

"Hii yako itoke yote. Mramura unaodanganya haufai kubaki kwenye nchi ya watu. Na aitoe aliyeipanda, kwa mikono yake."

Baraza liliona ni haki, nami niliona ni haki. Niliandika zile kurasa tatu nikaziweka kwenye faili, ili atakayekuja asimtafute mwingine. Barua ya onyo kutoka kwa wakubwa wangu ilifika ndani ya wiki moja. Katika barua zote zilizowahi kuandikwa juu ya reli hii, ndiyo pekee iliyokwenda haraka.

Nikachukua likizo yangu ya mwisho nikaenda Igurwa na jembe na panga. Kung'oa mramura si jambo la mtu mmoja. Lazima wasimame mashahidi, vinginevyo umehamisha mpaka. Mashahidi wangu walisimama asubuhi ya kwanza, wakaona kazi yenyewe ilivyo, wakasema wananiamini. Mizizi yake ni ya rangi ya chungwa na inashika kama deni la ukoo. Kipande kikibaki kinaota. Ukikitupa pembeni kinaota huko pembeni. Ilibidi kila kitu nikibebe hadi juu kwenye mwamba kikakauke. Nina miaka sitini, na mgongo wangu sasa unafanana na wa Mzee Faustine. Nilianzia kwenye chemchemi nikirudi, na siku ya nne nikaingia kwa Domitila.

Nilikuwa nimeng'oa kama nusu ya ile ya kwake alipotoka jikoni na kikombe cha uji. Alikiweka juu ya kisiki.

"Bwana Ardhi, pumzika kidogo."

Nikashukuru, nikakaa chini. Yeye hakukaa.

"Nikuulize kitu. Ile treni ilikuwa inakuja kweli?"

Lile neno la zamani, maandalizi, lilikuwa bado lipo, ningeweza kulitumia. Nilisema, "Hapana, mama. Haikuwa inakuja. Hakuna aliyenituma."

Alitikisa kichwa taratibu, akiangalia mashimo niliyoyaacha.

"Tuna binti, Editha, aliolewa Tabora. Ana watoto wanne. Marehemu basi lilikuwa linamtesa, na ule mgongo. Kila mwaka namwambia twende, tutakwenda polepole, tutapumzika njiani. Anasema tusihangaike. Anasema reli ya abiria inapita hapa hapa shambani, Bwana Ardhi ameshaweka alama. Kila akiingia shambani anaanza kupalilia hiyo miramura kabla hajagusa kahawa."

"Hakwenda?"

"Editha ndiye alikuja. Kuzika."

Nikaurudisha uji juu ya kisiki. Nikamwambia anisamehe. Nilimwambia mara mbili, maana ya kwanza haikutoka vizuri.

"Mimi nilikusamehe siku ile barazani," alisema. "Lakini yeye marehemu, ungemwambia."

Alingoja nimalize uji, akachukua kikombe chake, akarudi jikoni. Ilikuwa imebaki miramura mitano. Nikainuka, nikaing'oa.